Meno ya Dada

Dada yangu alianza kuja Jumamosi yangu ya tatu ya tafakuri, saa tatu asubuhi, jua limejaa dirishani. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawajua watu: ukimtaja marehemu tu, wanataka giza, upepo na mlango unaojifungua wenyewe. Hakukuwa na lolote la aina hiyo. Tulikuwa watu kumi na mmoja katika chumba kilicho juu ya duka la rangi, kila mmoja juu ya mto wake, macho tumefumba, na chini yetu wauzaji walikuwa wakigongagonga makopo. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Nikafumbua jicho moja kuona kama kuna mwenzangu anayejinyoosha kwa siri, na ng'ambo ya chumba, kwenye mto ambao dakika kumi kabla haukuwa na mtu, Dada alikuwa amekaa. Alivaa gauni lake la kijani la kazini. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wa kushoto.

Nikafumba lile jicho upesi. Nilipolifumbua tena mto ulikuwa mtupu, na Mtawa alikuwa akinitazama.

Mimi si mtu wa mizimu. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Karakana yangu iko mlango wa pili kutoka kwa daktari wa meno. Yeye anang'oa, mimi najaza. Mgonjwa anang'atishwa kitu laini kinachobaki na chapa ya mdomo wake, kwenye chapa ile namimina plasta, na plasta ikikauka ninao mdomo wa mtu mkononi, ufizi na mapengo yake yote. Juu yake napanga meno kwenye nta, jino moja moja. Kisha nta inayeyushwa kwa maji ya moto, na mahali pake panaingia plastiki ya rangi ya ufizi. Ni kazi ya kuinama kutwa, na watu wakija kuchukua meno yao wanatabasamu kwenye kioo, hawanitabasamii mimi.

Mtawa ndiye aliyenipeleka kule juu ya duka la rangi. Ni mama wa makamo, kichwa kimenyolewa, joho la kahawia, na kabla ya kushika njia ya Buddha aliendesha lori la mafuta miaka kumi na minane. Aliingia karakana na mapengo mawili ya mbele, akatoka na meno yangu. Nilipompa kioo alicheka kwa sauti mpaka daktari akaja kuchungulia mlangoni kuna nini.

"Fundi," akaniambia, "unawatengenezea watu vicheko kutwa nzima, na wewe mwenyewe uso kama umemeza spana."

Nikamwambia silali. Usingizi umenihama, presha inapanda, dawa nimekunywa mpaka tumbo limechoka. Akasema nije Jumamosi nikae kimya saa moja na wenzangu. Nikaenda, kwa sababu kukaa kimya ni jambo ambalo naliweza kuliko watu wengi.

Nilidhani nitasifiwa. Nilikaa nimenyooka, nimeuma meno, nazihesabu pumzi zangu kama mtu anayelinda ghala. Jumamosi ya pili Mtawa akasimama mbele yetu akatutazama mmoja mmoja, akaanza kucheka, tena kwa yale meno yangu mwenyewe.

"Mnakaa kama watu wanaosubiri kung'olewa," akasema. "Nadhani Fundi amewaambukiza. Nani aliwaambia kwamba utulivu ni adhabu? Moyo usio na furaha hautulii, unajificha tu. Leo tutaulisha kwanza."

Chakula chenyewe kilikuwa maneno. Unaanza na wewe mwenyewe: niwe salama, niwe na afya, niwe na amani. Kisha unamweka mbele ya macho yako mtu unayempenda, unamtakia hayo hayo, unayarudia polepole mpaka moyo upate joto. Baadaye ndiyo unakwenda kwa mtu baki, halafu kwa yule msiyeelewana. Akatoa sharti moja: huyo mtu wa kwanza lazima awe hai.

"Marehemu wana nafasi yao na tutaifikia," alisema. "Ila msianze nao. Ukianza na marehemu, huzuni itakuja imevaa nguo za upendo, na hutaitambua."

Akapita kwa kila mtu akimwuliza kwa sauti ya chini amemchagua nani. Alipofika kwangu nikasema dada yangu.

"Mzima?"

"Mzima wa afya," nikasema.

Dada alikuwa na miaka minne kaburini. Kwa nini nilisema vile? Nilipotafuta mtu ninayempenda hakuja mwingine, na niliona haya kumwambia yule mama mwenye kicheko kwamba moyoni mwangu hakuna aliye hai. Dakika tano tu kabla ya hapo tulikuwa tumetamka kwa pamoja zile ahadi tano ambazo watu wa njia ile huzitamka kila wakikaa: hatutaua, hatutachukua tusichopewa, hatutamdhulumu mtu kwa tamaa ya mwili, hatutasema uongo, hatutalewa. Ile ya nne niliitamka kwa sauti kuliko wote.

Basi ndiyo nikamweka Dada mbele yangu, nikamtakia salama, nikamtakia afya. Ukimtakia marehemu afya, ulimi wako unajua. Na Jumamosi iliyofuata akaja mwenyewe, kama nilivyoeleza.

Baada ya hapo hakungoja Jumamosi. Nikiwa karakana, mashine ya kung'arishia inazunguka, nilimwona kwenye kiti cha wagonjwa, magoti pamoja, mkono mdomoni. Nikizima mashine, kiti kitupu. Nikienda dukani kununua mkate, amesimama kwenye foleni, wa nne nyuma yangu. Hakusema neno. Hakunikazia macho. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa anasubiri tu, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa angoje kidogo anahudumiwa.

Nyumbani ndiko kulikuwa na shida zaidi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na Chiriku.

Chiriku ni mpwa wangu, mtoto pekee wa Dada. Mama yake alimpa jina hilo kwa kuwa utotoni alikuwa anasema tangu anapoamka mpaka anapolala. Ni mpima ardhi. Anabeba ile mashine ya miguu mitatu, anasimama juani, anapima barabara ambazo bado hazipo. Mama yake alipofariki alikuja kwangu na begi moja, nikampa chumba cha nyuma, na tangu siku hiyo majirani wananiambia nimefanya jambo jema, nami nainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Ndani ya nyumba tulisemezana kidogo sana. Shikamoo Mjomba. Chakula tayari Mjomba. Nitachelewa kesho Mjomba.

Jumatatu moja jioni alikuwa akipiga pasi shati la kazini, na nyuma yake, karibu kabisa na bega lake, akasimama Dada. Kikombe kikanitoka mkononi.

"Nini, Mjomba?"

"Hakuna. Kimeteleza."

Akaja kuokota vipande. Kisha, bila kuinua kichwa, akaniambia kwamba anaacha kazi. Barua ameshaandika, ile pale mezani, Jumatatu ijayo anaipeleka ofisini. Anarudi chuo kusomea ualimu.

"Ualimu? Wewe unayefunga dirisha mtoto wa jirani akilia?"

Hakucheka. "Mama alitaka niwe mwalimu. Nilipochagua upimaji alinyamaza, nikadhani amekubali. Halafu kwenye mahafali hakuja. Mimi ndiye niliyesoma hotuba ya wahitimu, Mjomba. Mwisho wakaita mzazi aje asimame na mimi mbele ya watu, nikabaki natazama kiti kitupu. Alisema kichwa kinamuuma. Nikamkasirikia, nikaenda moja kwa moja kwenye mradi, wiki tisa sikukanyaga nyumbani. Niliporudi nilirudi kuzika." Akavifunga vile vipande ndani ya gazeti. "Kila nikisimama nyuma ya ile mashine nakiona kile kiti. Hakunisamehe. Bora nifanye alichotaka, labda nitapumua."

Nilikuwa na ulimi kinywani. Nikamwambia afikirie vizuri, nikaingia chumbani kwangu saa moja ya jioni nikajifunika kama mtoto aliyevunja kitu.

Maana Dada hakuumwa na kichwa siku ile. Dada hakuwa na meno manne ya mbele.

Aliyapoteza miezi minane kabla ya mahafali, alipoteleza kwenye ngazi za ofisini kwake akapiga uso kwenye chuma. Chiriku alikuwa chuo cha mbali, mwaka wa mwisho, na hata likizo hakurudi kwa sababu ya mafunzo ya kazi. Dada hakumwambia. Hakutaka mtoto aache masomo kuja kumtazama mdomo. Akaja kwangu, angeenda kwa nani tena, na ndugu yake ndiye fundi? Nikachukua chapa mwenyewe, nikamimina plasta, nikaandika jina lake na tarehe kwa penseli, nikaweka kwenye rafu. Nikamwambia wiki ijayo.

Nilikuwa nimemwekea kinyongo. Tulipomzika baba yetu, Dada alisema mbele ya watu wote: "Huyu ndugu yangu amekuja kumzika Baba. Kumuuguza hakuja." Wala hakupaza sauti. Na ilikuwa kweli, ndiyo sababu haikunitoka. Basi alipokuja na pengo lake nikaona zamu yangu imefika. Sikumkatalia, maana ningemkatalia angeenda kwa fundi mwingine. Nilimzungusha. Wiki ijayo Dada, plastiki imekwisha. Wiki ijayo Dada, kuna mgonjwa wa haraka. Miezi minane nilimzungusha, na kila alipokuja alikaa kwenye kile kiti, magoti pamoja, mkono mdomoni, akangoja, akaondoka. Wiki tisa baada ya mahafali moyo wake ulisimama akiwa kituo cha basi. Tulimzika na pengo lake, mdomo umefungwa.

Usiku ule, nikiwa chini ya shuka, nikadhani nimeelewa anachotaka. Ni kosa la mafundi wote: kila shida tunaiona ina umbo la kazi yetu. Jumanne asubuhi nikaishusha ile plasta kwenye rafu, nikapuliza vumbi, nikaanza. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu vile. Rangi ya meno niliichagua kwa kumbukumbu, yenye umanjano kidogo, maana Dada alipenda chai nzito. Jino la pili la kulia nikalipandisha kidogo juu ya mwenzake kama lilivyokuwa tangu utoto wetu. Alikuwapo kwenye kiti muda wote, na safari hii hata nilipozima mashine hakuondoka. Nilimsemesha. Nilimwambia vumilia Dada, karibu tunamaliza, na sauti yangu ilikuwa ile ile ya wiki ijayo. Daktari alipita akaniuliza naongea na nani, nikamwambia redio.

Ijumaa jioni yalikuwa tayari. Jumamosi asubuhi nikayafunga kwenye kitambaa, nikayatia mfukoni, nikaenda nayo kwenye tafakuri.

Siku hiyo Mtawa alitupa jambo jipya. Kabla ya yale maneno ya kutakia heri, kila mtu akumbuke jambo moja jema alilowahi kutenda, hata dogo, akae nalo, aufurahie wema wake bila aibu.

"Hayo si majivuno," alisema. "Mtu akijua kwamba mahali fulani hakumdhuru mtu, au alimsaidia, moyo wake unapata pa kukaa. Anzeni hapo, na msiwe wachoyo kwa nafsi zenu."

Nikayaweka meno sakafuni mbele ya magoti yangu, nikafumba macho, nikaanza kutafuta. Niliwapitia wagonjwa wangu wote. Hao walinilipa, hawakuhesabika. Nilimpitia Baba, nikampita haraka. Nikapekua mpaka nikampata Chiriku mlangoni na begi lake, na mimi nikimwambia ingia, chumba kipo. Nikashika hapo. Na kweli, kama Mtawa alivyosema, joto kidogo likaanza chini ya mbavu, likapanda, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale nikajikuta natabasamu.

Nikafumbua macho. Dada hakuwa ng'ambo ya chumba. Alikuwa mbele yangu, magoti yake karibu yaguse yangu. Akashusha mkono.

Sitaeleza sana. Ufizi wake ulikuwa mweupe na mkavu, rangi ya plasta. Yale meno hakuyatazama kabisa. Alinitazama mimi, kwa upole ambao sikuustahili, kisha akageuza uso akatazama mlango wa kutokea, akabaki anautazama. Nikatoa sauti. Fundi saa, anayekaa mto wa jirani, aliniambia baadaye kwamba alidhani nimeng'atwa na kitu.

Watu walipoondoka nilikuwa bado nimekaa pale pale. Mtawa akaja, akayaokota yale meno, akayageuza kwenye mwanga.

"Kazi nzuri. Ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Mbona hukumpelekea?"

"Amekufa. Miaka minne sasa. Nilikudanganya."

Nilingoja anifariji, watu wa dini ndiyo kazi yao. Yeye aliketi sakafuni, akanyoosha miguu, akaniambia nianze mwanzo. Nikamwambia: mazishi ya Baba, ngazi, wiki ijayo, kiti kitupu, barua iliyo mezani. Nilimwambia yote isipokuwa jambo moja, ambalo hata mimi mwenyewe nilikuwa nalipita kwa mbali.

"Katika hao wote uliowataja," akasema, "nani yuko hai?"

"Chiriku."

"Na yeye umemtakia nini, wiki zote hizi?"

Chini, duka la rangi lilikuwa limejaa wateja, na mtu mmoja alikuwa akibishana kuhusu rangi ya krimu.

"Unamtakia heri mama kaburini," Mtawa akasema, "na mtoto wake anabeba uongo wako kila siku, nyumbani kwako, anakupikia na chakula. Halafu unashangaa moyo hautulii. Hata mimi nisingetulia humo ndani."

"Nikimwambia ataondoka."

"Huenda."

"Na Dada ataniacha? Nitalala?"

Kile kicheko chake kilikuwa kimekwenda mbali. "Usiende kwa ajili ya usingizi wako, Fundi. Ukienda ili ulale, utakuwa umemtumia binti kama ulivyomtumia mama yake. Nenda kwa sababu Jumatatu ni keshokutwa. Na ukifika, usitangulie kulia. Atalazimika kukubembeleza, na si kazi yake."

Akanirudishia meno, akainuka kwenda kuosha vikombe.

Nilimkuta Chiriku anakula chakula cha mchana, barua kando ya sahani. Nikavuta kiti. Nikamwambia nina neno, na kwamba nikimaliza anaweza kuniambia lolote. Kisha nikasema. Sikujipamba wala sikumsingizia mtu. Nilipofika kwenye ngazi aliacha kutafuna. Nilipofika kwenye rafu alisukuma sahani pembeni. Nikakifungua kile kitambaa juu ya meza.

Hakuyagusa mara moja. Aliyatazama kwa muda mrefu, halafu akaweka ncha ya kidole kwenye lile jino lililopanda juu ya mwenzake.

"Hili lilikuwa hivi hivi," akasema.

"Ndiyo."

"Kazi kama hii inachukua muda gani?"

"Siku nne."

Akaondoa kidole. Nje jirani alikuwa anaosha gari, maji yanasikika yakimwagika. Nilitaka kulia kuliko nilivyowahi kutaka chochote, na nikajikaza kisabuni.

"Kwa hiyo hakunikasirikia," Chiriku akasema, polepole, kama anayelijaribu neno kama linasimama. "Alikuwa anaona aibu tu. Angekuja."

"Angekuja. Alikuwa na gauni jipya la siku hiyo. Alinionyesha."

Nikaona kosa langu neno likiwa limeshatoka.

"Alikuonyesha lini?"

"Siku moja kabla."

"Alikuja kwako siku moja kabla ya mahafali." Sasa alikuwa ananitazama usoni. "Mjomba. Mama alijua kwamba unafanya kusudi?"

Hilo ndilo jambo lile moja. Na ningeweza kusema hapana. Aliyejua alikuwa kaburini, na ingekuwa huruma hata kwa Chiriku: mama yake angebaki mtu aliyechelewa kupata meno, basi. Nilimtafuta Dada kwa macho nyuma ya kiti cha binti yake. Hakuwepo. Nilitamani awepo, hata na ule ufizi wake.

"Alijua," nikasema. "Ilikuwa Ijumaa. Sikuwa na kazi yoyote. Meza ilikuwa tupu, nilikuwa nakunywa chai na kusoma gazeti. Akaingia na gauni kwenye mfuko, akalitoa akanionyesha. Akaitazama meza. Akaitazama plasta yake kwenye rafu, ina vumbi. Akanitazama mimi. Nikamwambia wiki ijayo, Dada. Akaziba mdomo, akasema, haya ndugu yangu, kazi njema. Akatoka."

Nje maji ya jirani yakakatika. Chiriku akaichukua ile barua, akaichana katikati, akaichana tena, akaviweka vile vipande kwenye sahani. Hakufanya kwa hasira. Uso wake ulikuwa umelegea, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka niliona jinsi anavyofanana na mama yake.

"Jumatatu naenda kazini," akasema. "Na nitahama. Mpaka nihame, naomba usinisemeshe."

"Sawa. Lakini hapa ni kwako. Nilikupa kile chumba na sitakiondoa, hata ukikaa mbali miaka mingapi."

Akatoa kicheko kifupi, kikavu.

"Ulinipa?" akasema. "Mjomba, unadhani nilikuja hapa kwa kukosa pa kukaa? Mradi ulinipa nyumba. Vyumba viwili, maji ndani. Niliikataa."

"Kwa nini?"

"Mama. Alikuwa ananipigia simu kila Ijumaa jioni. Hata baadaye nilipokuwa namjibu kwa mkato, lazima amalizie na neno lile lile: mjomba wako hana mtu, usije ukamwacha peke yake. Alipokufa nikasema, kama nimemwangusha kwa mengine, hili angalau nitamtii." Alikuwa ameshasimama, ameshika sahani yenye vipande vya barua. "Miaka minne nimekaa na wewe kwa ajili yake. Nilikuwa sikupendi hata."

Jambo langu moja jema, lile nililolikalia asubuhi ile kwa furaha juu ya mto, halikuwa langu. Nikashika ukingo wa meza.

"Kila Ijumaa?" nikauliza.

"Kila Ijumaa."

"Hata ile ya kabla ya mahafali? Ile jioni?"

Chiriku akafikiri. Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na hakuyafuta.

"Ile alisema mara mbili."